Mapembe ya Mombasa: pambo la mgeni asiyefika

Mwanzoni mwa Februari 1952 meli iitwayo Gothic ilikuwa Kilindini, imepakwa rangi nyeupe, inamngoja Binti Mfalme Elizabeth na mumewe. Mpango ulikuwa wamalize mapumziko yao bara, wateremke Mombasa, wapande meli hiyo waelekee Ceylon, Australia na New Zealand. Mji ulijipamba. Juu ya Kilindini Road, ambayo leo ni Moi Avenue, yakasimamishwa mapembe makubwa ya ndovu, fremu ya mbao iliyovishwa turubai.

Mgeni hakufika. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari baba yake, Mfalme George VI, alifariki Sandringham, Uingereza. Elizabeth alikuwa Treetops, hoteli iliyo juu ya mti karibu na Nyeri. Habari zilimkuta Sagana, akapelekwa Nanyuki, akaruka hadi Entebbe na kutoka hapo Uingereza, sasa akiwa Malkia. Mombasa hakutia mguu safari ile.

Tunaanza hapa kwa sababu vitabu vingi vya wageni, na waongozaji wengi, husema kwamba mapembe yale ni kumbukumbu ya ziara ya Malkia Mombasa mwaka 1952. Hakuna ziara ya kukumbukwa. Yalitengenezwa kwa ajili ya ziara, na hilo ni neno jingine kabisa. Tofauti hii si ya ubishi wa barazani tu. Ndiyo inayoeleza kwa nini yale ya kwanza yalikuwa ya mbao na kitambaa: hayakuwa mnara, yalikuwa pambo la sherehe. Matao ya namna hiyo yalikuwa kawaida kila kiongozi wa Kiingereza alipopita katika makoloni. Hujengwa kwa wiki moja au mbili, hupigwa picha, hubomolewa.

Na mji wenyewe, kisheria, haukuwa hata wa Waingereza. Mwambao wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, nao wakiusimamia kwa mkataba, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus hadi 1963. Kwa hiyo lilikuwa tao la kumlaki binti wa mfalme mmoja katika ardhi ya mfalme mwingine.

Kilichotakiwa kudumu siku chache kikawekwa tena upya mwaka 1956, safari hii kwa ajili ya Princess Margaret, mdogo wake Elizabeth, aliyeizuru Afrika Mashariki kwa meli ya Britannia. Huyu alifika. Mafundi waliacha mbao wakatumia alumini, na uamuzi huo mmoja wa vifaa ndio uliogeuza pambo kuwa alama ya mji. Laiti wangerudia turubai, leo tungekuwa na picha chache za rangi ya kahawia na basi.

Jina, na hesabu ya ndovu

Yako mapembe manne. Barabara ina njia mbili zilizotengwa katikati, na kila njia ina jozi yake: pembe moja limeota upande huu, la pili upande ule, yamepinda yakakutana juu na ncha zake zikapishana. Ni ndovu wawili basi, si mmoja, ingawa wengi hudhani wanatazama kitu kimoja.

Ukisimama mbali kidogo, katikati, ukayatazama yote kwa pamoja, utaona herufi M. Watu hupenda kusema ndiyo iliyokusudiwa, M ya Mombasa. Lakini chora tao lenye ncha juu ya njia moja, kisha chora jingine kando yake, na M imejichora yenyewe. Ingejitokeza hata kama barabara hii ingekuwa Tanga au Lamu. Ni bahati ya jiometria, na Mombasa imeipokea kama zawadi, jambo ambalo halina ubaya wowote.

Jina la mahali linastahili kutazamwa pia. Kwa Kiswahili sanifu pembe moja, pembe nyingi. Ndiyo maana kwenye maandishi rasmi utakuta Pembe za Ndovu. Mtu wa Mombasa husema mapembe, kwa sababu haya ni makubwa kupita kiasi na lugha ina ngeli ya ukubwa kwa kazi hiyohiyo. Akaongeza -ni ya mahali, akapata Mapembeni. Neno hilo limefanya kazi ambayo hakuna kibao kingeweza. "Nishushe Mapembeni," "tupatane Mapembeni," na utingo anaelewa. Hasemi mapembe ya tembo, maana Mombasa tembo ni kile kinachogemwa juu ya mnazi.

Hivi ndivyo sanamu ya barabarani inavyopata maisha ya pili. Mwanza wana kipilefti ya samaki. Dar es Salaam wana Sanamu ya Askari ya mwaka 1927. Ile ya Dar ni shaba nyeusi yenye heshima, kumbukumbu ya watu waliokufa vitani, na bado mwenye haraka huitumia kupanga miadi tu. Mapembe yamefanikiwa kwa njia hiyohiyo bila ya kuwa na jambo zito la kukumbusha. Yako mahali pazuri, kwenye njia inayounganisha bandari na mji. Hayafanani na kitu kingine. Na mtu huyaona kabla hajayafikia. Sanamu yenye sifa hizi tatu haihitaji maelezo.

Kwa nini mbao haikufaa, na alumini imeleta shida gani

Mbao na turubai kwenye hewa ya Mombasa ni kazi ya msimu mmoja. Upepo wa kusi hubeba chumvi, masika humwaga mvua yake kubwa kuliko zote mwezi Mei, turubai hunyonya maji na kulegea, na mchwa huanzia pale mguu unapogusa udongo. Rangi haisaidii sana, kwa sababu kitambaa hujongea kila upepo unapovuma na rangi hupasuka.

Chuma cha kawaida kingedumu zaidi, ila kutu ingeanza mapema na uzito ungekuwa mkubwa. Chuma kina uzito wa karibu tani 7.85 kwa mita ya ujazo. Alumini ni 2.7, yaani theluthi moja. Katika umbo linalopinda juu ya magari yanayopita, uzito unaoning'inia ndio unaoamua ukubwa wa msingi. Alumini pia hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba sana wa oksidi mara inapokutana na hewa, na utando huo ndio ngao yake. Ukiukwaruza hujirudisha.

Hapo sifa zinaishia. Bati la alumini peke yake halisimami kwenye umbo refu lenye tumbo. Huhitaji mifupa ya ndani, na viungio vya kulikamata. Mifupa ikiwa ya chuma, metali mbili zimekutana. Weka maji ya chumvi kati yao na moja itamla mwenzake. Anayeliwa ni alumini. Dalili yake ni unga mweupe unaotoka kwenye mishono, kisha rangi inavimba kama malengelenge, kisha ribiti inacheza kwenye tundu lake. Fundi asiyejua hukwangua lile lengelenge, hupaka rangi juu, na baada ya miezi sita limerudi palepale.

Dawa ni kuzitenganisha. Kati ya bati na fremu huwekwa ukanda wa mpira au wa plastiki, bolti hupitishwa ndani ya kikombe cha nailoni, na washa za nailoni huwekwa pande zote mbili. Bolti yenyewe iwe ya stenlesi. Mtu atauliza: stenlesi nayo si metali tofauti? Ni tofauti, lakini hapa ukubwa ndio unaohesabika. Bolti ndogo ya stenlesi kwenye bati pana la alumini hudhuru kidogo sana, kwa kuwa ulaji umesambaa eneo kubwa. Geuza: ribiti ndogo ya alumini kwenye sahani pana ya chuma. Hiyo italiwa haraka, na ndiyo inayoshika kila kitu.

Jua nalo lina madai yake. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua pembe la mita 8 kwa mfano. Bati likipanda kutoka nyuzi 25 alfajiri hadi 65 saa nane mchana, litarefuka kama milimita 7, na chuma cha ndani, hata kikipata joto lilelile, kama milimita 4. Milimita 3 zinaonekana si kitu, lakini zinakuja na kuondoka kila siku, siku 365 kwa mwaka. Matundu ya bolti yakiwa yamebana kabisa, bati litapasuka kuanzia tunduni. Ndiyo maana matundu hutobolewa marefu kidogo, kama yai, kwa kufuata urefu wa pembe, na mishono hupandishwa moja juu ya nyingine kama vigae badala ya kuchomelewa mwili mzima.

Adui mwingine ni saruji pale chini. Saruji mbichi ina ukali kama wa magadi, na alumini haivumilii ukali huo. Bati likizikwa moja kwa moja ndani ya msingi, huliwa pale pale kwenye mstari wa kuingilia, mahali ambapo jicho halifiki. Ncha ya chini ipakwe lami nzito kwanza, au iishie juu ya msingi na kuachia mfupa wa ndani ndio uingie kwenye saruji. Na kila pembe liwe na matundu mawili au matatu ya milimita 10 hivi chini kabisa, ya kutolea maji. Umbo lililo tupu hukusanya umande hata kama mvua haiingii. Tundu likizibwa na rangi, vumbi au gundi ya mabango, pembe limegeuka mtungi.

Juu, kwenye upenyo wowote uliobaki wazi, kuna kunguru. Kunguru wa Mombasa hajengi kwa vijiti tu. Huchukua waya, misumari, vipande vya nyavu. Kiota chake ni furushi la metali lenye kinyesi chenye maji, limekaa juu ya alumini. Wavu wa plastiki uliofungwa vizuri ni nafuu kuliko kuweka bati jipya.

Kupaka rangi, kazi ambayo wengi huiharibu

Weupe wa mapembe ni rangi tu, na rangi nyeupe chini ya jua la ikweta huchoka kwa kutoa unga: pitisha kidole, kitatoka kimepauka. Kupaka rangi mpya juu ya unga huo ni sawa na kupaka juu ya vumbi. Itang'oka kwa mapande makubwa, na watu watailaumu rangi.

Mpangilio unaofaa ni huu. Kwanza kuosha kwa maji matamu mengi na sabuni laini, kuanzia juu kwenda chini, ili chumvi iondoke. Sabuni ya magadi isitumike, wala chokaa isipakwe kamwe: vyote viwili hushambulia alumini. Kisha msasa namba 180 hadi 240. Brashi ya waya wa chuma na sufi ya chuma ni marufuku, kwa sababu huacha chembe za chuma zilizojikita kwenye bati, na baada ya mvua ya kwanza pembe nyeupe litakuwa na madoadoa ya kahawia kama limeugua surua. Baada ya msasa, rangi ya msingi ya kushika alumini, nyembamba sana, ipakwe ndani ya saa nne. Ukilala ukaamka, hewa ya bahari imeshaweka chumvi tena na kazi inaanza upya. Juu yake huja koti la epoksi, na mwisho makoti mawili ya poliyurethani, ambayo huhimili jua. Epoksi peke yake isiachwe juu. Ni ngumu na inashika sana, lakini jua huigeuza unga haraka.

Saa ya kazi ni suala lenyewe. Alfajiri bati lina umande hata kama halionekani. Rangi huhitaji bati liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutua, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Mchana bati limepata moto kiasi kwamba rangi hukauka kabla haijatulia, na michirizi ya brashi hubaki. Dirisha la kweli ni kama saa tatu hadi saa tano asubuhi, na tena alasiri kwa upande wenye kivuli. Anayepanga kumaliza yote manne kwa siku mbili kabla ya sherehe ameshaamua kuyapaka vibaya.

Kiasi cha rangi si kikubwa kama watu wanavyofikiri. Kwa pembe letu la mfano, mita 8, kipenyo cha mita 1 shinani na sentimita 10 nchani, mzunguko wa wastani ni mita 1.73, kwa hiyo eneo ni karibu mita 14 za mraba. Manne ni 56. Lita moja ikifunika mita 10, koti moja linakula lita 5.6, ongeza humusi kwa upotevu na unafika karibu lita 7. Makopo machache, basi. Gharama iko kwenye jukwaa la mafundi, kufunga njia moja ya barabara, na watu wa kuongoza magari. Ndiyo sababu kupaka rangi ya bei rahisi ni hasara: unaokoa kidogo kwenye kopo na unalipa jukwaa mara mbili.

Na magari yenyewe? Kontena refu lina kimo cha mita 2.9, liweke juu ya trela yenye kitanda cha mita 1.5 na unapata mita 4.4. Katikati ya tao hilo si tatizo. Lakini tao la pembe halina dari bapa. Kimo kinapungua kadiri unavyosogea kando, kwa hiyo gari linaloweza kupita katikati laweza kukwaruza likibana ukingoni kumpisha tuktuk. Anayepima kimo cha tao lolote la namna hii asipime katikati tu. Apime pale tairi la mwisho linapoweza kufika.

Pembe katika nchi iliyochoma pembe

Kuna jambo ambalo mwaka 1952 halikumkera mtu. Pembe za ndovu zilikuwa mali halali, na biashara iliyojenga utajiri wa pwani hii kwa muda mrefu. Zanzibar ilizipeleka India na hadi Connecticut, Marekani, zilikochongwa vibao vya piano. Jozi nzito kuliko zote zilizowahi kupimwa, ya ndovu aliyeuawa Kilimanjaro mwaka 1898, iliuzwa Zanzibar. Kumlaki mgeni kwa umbo la pembe kulikuwa kumwonyesha kile ambacho nchi inajivunia kuuza.

Kisha Kenya ikapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika Mbuga ya Nairobi, na tarehe 30 Aprili 2016 zikachomwa tani 105. Katikati ya miaka hiyo bandari ya Kilindini ilitajwa mara nyingi kama mlango wa pembe za magendo. Kwa hiyo leo barabara inayoelekea bandari hiyo, yenye jina la rais aliyewasha moto wa kwanza, ndiyo yenye mapembe makubwa kuliko ya ndovu yeyote.

Wapo watakaoona kinyaa hapo. Kwa maoni yetu hoja ya kuyaondoa ni dhaifu. Haya ni bati. Hakuna ndovu aliyekufa. Jino la pembe si dawa ya pengo, lakini pembe la bati si jino la mtu pia. Kenya yenyewe imewahi kuchagua njia hiyo: Ahmed wa Marsabit, ndovu aliyelindwa kwa amri ya rais mwaka 1970 na kufa 1974, ana sanamu yake ya faiba katika Makumbusho ya Taifa Nairobi, yenye mapembe yanayokaribia ardhi. Kinachokosekana Mombasa ni kibao cha mistari minne chenye tarehe sahihi: 1952 mbao na turubai, mgeni hakufika; 1956 alumini; 1989 moto.

Kuyatazama

Moi Avenue inaelekea takriban magharibi kutoka Digo Road. Asubuhi simama upande wa mjini, uso uelekee bandarini, jua liko mgongoni na weupe unajitokeza. Jioni vuka uende upande wa pili. Kwa M kamili rudi nyuma hadi mapembe yote manne yaingie kwenye picha bila kuinua simu juu, maana ukiinua mistari huinamia ndani na M hugeuka kuwa matao mawili yaliyolewa. Karibu yake iko Bustani ya Uhuru, yenye chemchemi ya umbo la ramani ya Afrika, na kivuli cha kukaa. Kabla ya kuondoka pitisha macho kwenye mishono ya pembe lililo karibu nawe, kama kimo cha bega. Ukiona unga mweupe kando ya ribiti, si vumbi.